Ardhi Hurudi, Jibu Halirudi: Maandamano ya Wachache na Serikali ya Sri Lanka Baada ya Vita

 

Nimepewa mada ya namna serikali za nchi zilizotoka vitani zinavyoyapokea maandamano ya jamii za wachache. Tungeweza kuzunguka kutoka Kosovo hadi Nepal jioni hii, tukaishia kugusagusa tu. Nimeona heri tukae katika nchi moja, nayo ni Sri Lanka. Kule vita havikuisha kwa mkataba. Mei 2009 jeshi la serikali liliwamaliza wapiganaji wa Tamil Tigers, yaani LTTE, na kiongozi wao Velupillai Prabhakaran akauawa. Tangu hapo serikali haina mpinzani mwenye silaha, haina mshirika wa kugawana naye madaraka, wala haiwezi kudai kwamba imefungwa mikono. Anayetaka kujua serikali yenye nafasi yote huwafanyia nini wachache wanaoihoji, Sri Lanka inamtosha.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Wachache wa Sri Lanka wamedai mambo mengi barabarani tangu vita viishe, na mengine wameyapata. Wamerudishiwa baadhi ya ardhi. Wameruhusiwa kuzika maiti waliokatazwa kuzika. Mnara wao uliovunjwa ukajengwa tena. Ila kuna dai moja ambalo hakuna rais hata mmoja aliyelitimiza: watu wetu mliowachukua wakiwa hai, mmewapeleka wapi? Nitajaribu kuonyesha kwa nini serikali ileile inayoweza kurudisha ekari za ardhi inashindwa kutoa orodha ya majina.

Nani ni nani, na walifikaje pale

Kwa sensa ya mwaka 2012, Wasinhala, wengi wao Wabuddha, walikuwa karibu asilimia 75 ya watu wa Sri Lanka. Watamil wa kaskazini na mashariki, wengi wao Wahindu na baadhi Wakristo, walikuwa kama asilimia 11. Waislamu walikuwa karibu asilimia 9. Wengi wao huzungumza Kitamil nyumbani, lakini wanajihesabu kuwa jamii yao wenyewe. Wako pia Watamil wa milimani, waliokuwa kama asilimia 4, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka India kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na chai.

Nchi ilipata uhuru mwaka 1948, na mwaka huohuo sheria ya uraia ikawaacha wengi wa wale wa milimani bila nchi. Mwaka 1956 Kisinhala kikafanywa lugha rasmi peke yake. Bunge likiwa linajadili muswada huo, wanasiasa wa Kitamil walikwenda kuketi kimya katika uwanja wa Galle Face, ufukweni Colombo, kwa mtindo wa Gandhi. Genge likawavamia na kuwapiga. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu S.W.R.D. Bandaranaike alitia saini makubaliano na kiongozi wao S.J.V. Chelvanayakam ya kuwapa madaraka ya mikoa. Mwaka 1958, baada ya shinikizo la watawa wa Kibuddha, akayatupilia mbali. Mwaka 1981 maktaba ya Jaffna, yenye vitabu na miswada ipatayo 97,000, ilichomwa moto. Julai 1983 Watamil wakachinjwa Colombo na miji mingine, na vita vikaanza rasmi.

Nayapitia haya haraka kwa sababu ya jambo moja. Kabla bunduki hazijalia, Watamil walikwisha kukaa chini, kuandamana, kutia saini na kusubiri kwa karibu miaka 30. Vijana waliokwenda msituni walikuwa wamewatazama baba zao wakipigwa huku wamekaa.

Wala tusiwapake mafuta hao vijana. LTTE iliwaingiza watoto jeshini kwa nguvu, ililipua raia, na iliwaua Watamil wenzao waliothubutu kuipinga. Oktoba 1990 iliwafukuza Waislamu wote wa Mkoa wa Kaskazini, zaidi ya watu 70,000, wengine wakipewa saa chache tu za kuondoka. Mwisho wa vita nao haukuwa na huruma. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba huenda raia wanaofikia 40,000 waliuawa katika miezi ya mwisho, walipobanwa kwenye kipande cha pwani huko Mullivaikkal. Waliosalimika, karibu 300,000, walifungiwa katika kambi zilizozungushiwa seng'enge. Hao ndio waliokuja kuandamana.

Dai la kwanza: ardhi

Chini ya Rais Mahinda Rajapaksa, kuandamana kaskazini kulikuwa kujitafutia balaa. Mambo yalilegea alipoingia Maithripala Sirisena Januari 2015. Januari 2017 wanavijiji wa Keppapulavu, wilaya ya Mullaitivu, wengi wao wanawake na watoto, walipiga kambi nje ya kituo cha jeshi la anga kilichojengwa kwenye viwanja vyao. Walilala hapohapo kwa takriban mwezi mzima. Sehemu yao ikaachiwa.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Iranaitivu, visiwa viwili vidogo vya wavuvi Wakatoliki kwenye pwani ya wilaya ya Kilinochchi. Watu wa huko walihamishwa na vita mwaka 1992, na jeshi la majini likashika makazi yao. Vita vikaisha, miaka ikapita, wao wakiwa bado wanaishi bara, wakiviona visiwa vyao kwa macho. Mei 2017 wakaanza kuketi kando ya barabara, wakiandika barua kwa kila mkubwa. Baada ya karibu mwaka bila jibu la maana, tarehe 23 Aprili 2018 walipakia familia zao kwenye mashua, wakapandisha vitambaa vyeupe, wakavuka. Walikuwamo mapadri na waandishi wa habari. Askari wa majini walikuwa ufukweni, na hawakufyatua risasi. Watu wakashuka, wakaenda moja kwa moja kanisani, wakasali ndani ya kuta zilizochakaa, kisha wakatangaza kwamba hawaondoki. Wiki chache baadaye serikali ikakubali wabaki.

Kwa nini serikali ilikubali? Kwa sababu ardhi ni dai ambalo mkubwa anaweza kulitimiza na kupigwa picha. Waziri anakuja, anagawa hati, anapigiwa makofi, na haki ya mtu inageuzwa kuwa hisani. Hakuna ofisa anayeulizwa nani aliamuru nyumba ibomolewe. Anayerudishiwa kiwanja anarudishiwa ukurasa mtupu, na wengi hata huo hawajaupata: hadi leo jeshi bado limeshika maeneo mengi ya kaskazini.

Dai la pili: kuzika na kukumbuka

Ilipoingia korona, serikali ya Gotabaya Rajapaksa, ndugu yake Mahinda, iliagiza kwamba kila anayekufa kwa ugonjwa huo achomwe moto. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema kuzika ni salama. Hapa sihitaji kueleza maana yake kwa Mwislamu; nyote mnajua maiti anavyooshwa, anavyovishwa sanda na kuswaliwa. Desemba 2020 mtoto mchanga wa siku 20 alichomwa bila ridhaa ya wazazi wake. Watu wakaenda kwenye lango la tanuri la Borella, Colombo, wakafunga vipande vya kitambaa cheupe kwenye vyuma vyake. Vikaondolewa, na wengine wakafunga vingine mahali pengine.

Februari 2021 ikatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Watamil waliandamana kwa siku tano, kutoka Pottuvil mashariki hadi Polikandy kaskazini kabisa. Polisi walikuwa na amri za mahakama za kuwazuia; waandamanaji wakapita. Madai yao yalikuwa marefu: waliopotezwa, ardhi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi, mshahara wa rupia 1,000 kwa siku kwa wafanyakazi wa mashamba ya chai, na haki ya Waislamu kuzika maiti wao. Walipopita katika miji ya Waislamu, Waislamu wakajiunga. Kumbukeni kwamba baina ya jamii hizi mbili yalikuwapo machungu ya 1990. Serikali ilijibu kwa kuwaita watu polisi kuwahoji, na mbunge M.A. Sumanthiran, aliyeshiriki, akaondolewa walinzi wake.

Mwishoni mwa mwezi huo amri ya kuchoma ilifutwa, siku moja tu baada ya Waziri Mkuu wa Pakistan, Imran Khan, kuondoka Colombo, na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likiwa kikaoni Geneva. Halafu wakubwa wakatafuta mahali pa kuzikia. Wakachagua wapi? Iranaitivu. Wavuvi wale waliokaa nje ya kisiwa chao kwa zaidi ya miaka 25 wakaambiwa kisiwa kitakuwa makaburi ya korona. Iwe kwa kusudi au kwa uzembe, wachache wawili walikuwa wanasukumwa wagombane. Wanakisiwa wakaandamana tena, na mazishi yakahamishiwa Oddamavadi, mashariki. Julai 2024 Baraza la Mawaziri liliomba radhi. Waliochomwa walikuwa wamekwisha kuchomwa.

Kukumbuka wafu wa vita nako ni vita vingine. Usiku wa tarehe 8 Januari 2021 mnara wa wafu wa Mullivaikkal uliokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Jaffna ulibomolewa kwa mashine. Wanafunzi wakagoma kula, maduka ya kaskazini na mashariki yakafungwa, na siku chache baadaye makamu mkuu wa chuo akaweka jiwe la msingi la mnara mpya.

Lakini kisa kinachoeleza zaidi ni cha uji. Kila Mei Watamil hupika uji mwepesi wa mchele, maji na chumvi kidogo, wakawagawia wapita njia. Ndicho chakula walichobaki nacho wale waliobanwa Mullivaikkal chini ya mizinga, na kuunywa ndiko kuwakumbuka. Mei 2024 polisi walikwenda usiku huko Sampur, wilaya ya Trincomalee, wakawakamata wanawake kwa kosa la kugawa uji. Sheria iliyotumika ni ile ya mwaka 2007 iliyotungwa kutekeleza Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Wanasheria mliomo ukumbini mtanisaidia: sheria ya haki za binadamu ilitumika kumkamata mama aliyeshika upawa.

Dai la tatu: jibu

Tarehe 18 Mei 2009, siku ya mwisho ya vita, maelfu walivuka daraja la Vadduvakal kuingia upande wa serikali. Vipaza sauti vya jeshi vilitangaza kwamba yeyote aliyewahi kuwa na LTTE, hata kwa siku moja, ajisalimishe. Wake waliwakabidhi waume zao, wazazi wakawakabidhi watoto. Padri Francis Joseph, aliyewahi kuongoza shule maarufu ya Jaffna, alifuatana na kundi moja. Waliingia kwenye mabasi mbele ya familia zao. Hawakuonekana tena, padri na wote aliofuatana nao.

Tarehe 20 Februari 2017 akina mama wa Kilinochchi waliketi mbele ya hekalu la Kandaswamy, kando ya barabara kuu ya A9, wakiwa na picha. Vavuniya wakafuata siku chache baadaye, kisha Mullaitivu, Trincomalee na kwingineko. Ukipita pale unaona kibanda cha turubai na safu za nyuso za vijana: picha za shule, picha za harusi, picha za kitambulisho zilizokuzwa hadi zikafifia. Wake wa waliopotezwa bado wanapaka alama nyekundu kipajini, ambayo mjane wa Kihindu huiacha. Kuiacha ni kukiri kwamba mume amekufa, na hakuna aliyewaambia kwamba amekufa. Sisi tunaoketi matanga tunaelewa: bila maiti na bila habari, tanga halianuliwi. Wazee zaidi ya mia wamekufa tangu mikesha hiyo ianze, na picha waliyokuwa wameishika imechukuliwa na binti au mjukuu.

Serikali haikuwapuuza. Hili ni la kuzingatia sana. Sirisena alikutana nao Jaffna Juni 2017 akaahidi kuagiza orodha ya waliojisalimisha itolewe. Haikutolewa. Kabla yake kulikuwa na tume ya mwaka 2010 na tume ya mwaka 2013, na kabla ya hizo tume za miaka ya 1990. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya Ofisi ya Watu Waliopotea. Makamishna wake wakateuliwa Februari 2018. Ofisi hiyo haina uwezo wa kushtaki. Kukawa na hati ya kutokuwapo, karatasi inayosema mtu hayupo bila kusema yuko wapi. Machi 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha rupia 100,000 kwa kila familia yenye hati hiyo. Akina mama wengi walikataa, na hapo ndipo baadhi ya wakubwa walipowaita wakaidi.

Mama mmoja, basi, ametoa ushahidi uleule, kwa picha ileile, mbele ya tume baada ya tume. Kila mara jina la mwanawe limeandikwa upya kwenye daftari jipya. Januari 2020 Gotabaya Rajapaksa, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Ulinzi vita vikiisha, alimwambia mwakilishi wa Umoja wa Mataifa kwamba waliopotea wamekufa. Kama anajua wamekufa, akina mama waliuliza, basi anajua walivyokufa.

Kwa nini jibu ni gumu

Ardhi ina ekari. Jibu lina majina. Orodha ya waliojisalimisha ikitolewa itaonyesha siku, basi, kambi, kikosi na ofisa wa zamu. Kutoka hapo ni hatua moja kufika mahakamani, na Sirisena mwenyewe aliwaahidi wapiga kura wa kusini mara kadhaa kwamba hatakubali askari, mashujaa wa vita, wapandishwe kizimbani. Mwaka 2015 serikali yake ilikubali huko Geneva, katika azimio 30/1 la Baraza la Haki za Binadamu, kuunda chombo cha mahakama chenye majaji wa kigeni ndani yake. Hakikuundwa, na Februari 2020 serikali iliyofuata ikajitoa. Pale ambapo jibu linamtaja aliyeko madarakani, serikali hujibu kwa muda: tume, ofisi, hati, fedha kidogo, na umri wa akina mama.

Wala tusidhani ni suala la kabila pekee. Kati ya 1987 na 1989 chama cha JVP cha vijana wa Kisinhala kiliasi kusini, na vijana kwa maelfu wakapotezwa na vyombo vya dola. Akina mama wa Kisinhala nao waliandamana. Septemba 1990 mbunge mmoja wa upinzani alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Katunayake akiwa na mafaili na picha za waliopotezwa, akizipeleka Geneva. Mbunge huyo ni Mahinda Rajapaksa. Miaka 15 baadaye akawa rais. Sasa rais ni Anura Kumara Dissanayake, kiongozi wa JVP yenyewe, na katika uchaguzi wa Novemba 2024 muungano wake ulishinda hata Jaffna, jambo ambalo chama cha kusini hakikuwahi kulifanya. Mwaka 2025 makaburi ya halaiki ya Chemmani, karibu na Jaffna, yalianza kufukuliwa, yakatoka mabaki ya watu zaidi ya 200, mmoja wao mtoto aliyezikwa na mkoba wa shule. Hata hivyo, mwaka mmoja baada ya ushindi ule, Sheria ya Kuzuia Ugaidi aliyoahidi kuifuta ilikuwa bado inatumika.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1979 kama ya muda. Ilimruhusu waziri kuamuru mtu ashikiliwe hadi miezi 18 bila mashtaka, na ungamo alilotoa mtu huyo kwa ofisa wa polisi wa ngazi ya juu kuwa ushahidi. Kwa miaka 40 wengi wa kusini waliiona ni shida ya Watamil. Mwaka 2022 uchumi ulipoanguka, Wasinhala walijaa Galle Face, palepale walipopigwa Watamil mwaka 1956, wakamfukuza Gotabaya. Mei 18 mwaka huo, kwa mara ya kwanza uwanjani hapo, uji wa Mullivaikkal uligawiwa na wafu wa Kitamil wakakumbukwa. Agosti kiongozi wa wanafunzi Wasantha Mudalige, Msinhala, akakamatwa. Alishikiliwa kwa sheria ipi? Ileile ya 1979.

Tunachopaswa kuchukua

Ndugu zangu, sikuja hapa kuwahukumu Wasri Lanka huku sisi tukijipongeza. Kenya ilipokea ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano Mei 2013, na wengi wa waliotoa ushahidi bado wanangoja. Hukumu yangu ni kwamba nchi iliyotoka vitani isipimwe kwa idadi ya taasisi ilizounda wala kwa utulivu wa barabara zake, kwani barabara hutulia pia watu wakichoka. Ipimwe kwa swali ambalo mwananchi mnyonge anaweza kuliuliza mchana kweupe, akajibiwa na mwenye jibu.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi waandishi na wanafunzi wa sheria: serikali yoyote, iwe ya mbali au yetu, ikitangaza tume, ulizeni siku hiyohiyo mambo matatu. Orodha iko kwa nani? Itatolewa tarehe gani? Tume ina uwezo wa kumfikisha nani mahakamani? Yasipojibiwa hayo, andikeni wazi kwamba hakuna kilichotolewa, na muendelee kuuliza.